Shajara ya paneli ya kiwanda cha alizeti: ovalodi, breka na mota iliyoungua mara 3

Siku ya 1, Jumatatu

Nimeanza leo. Kiwanda ni cha kukamua alizeti, nje kidogo ya mji wa Singida. Kuna ekspela 2 (mashine za kukamua mafuta), kila moja na mota ya kilowati 22, mashine ya kumenya kilowati 15, konveya ya kikaangio 7.5, pampu ya filta presi (kichujio cha mafuta) 4 na elevata (ya kupandisha mbegu juu) 2.2. Msimu uko mlangoni, mwezi wa 5 magunia yanaanza kuingia, na mota ya ekspela namba 2 imeungua mara 3 msimu uliopita, kila mara inasukwa upya inarudi inaungua tena, afu kila fundi aliyekuja kabadilisha kitu kimoja kaondoka bila kuandika chochote. Ndo maana mi naandika hii shajara, atakayefungua hii paneli baada yangu akute nimefanya nini na kwa nini.

Mzee mwenye kiwanda kanipokea vizuri, chai na chapati, kaniambia fundi mimi nataka mota isiungue tu hayo mengine nakuachia. Nikamwomba siku nzima ya leo nisiguse kitu, niangalie tu na niandike.

Nimeanza na vibati vya mota kabla hata sijafungua paneli. Kibati cha ekspela namba 1 bado kinasomeka baada ya kukisugua na kitambaa chenye dizeli: 22 kW, 400/690 V, delta/staa (namna 2 za kuunganisha koili za mota), 41/23.7 A, kosfai (pawa fakta) 0.86, mizunguko 1470 kwa dakika. Hizo namba 2 za ampia shika kichwani, tutazirudia sana. 41 ni ampia inayoingia kwenye nyaya za laini ikiwa imefungwa delta kwenye 400 V, 23.7 ni kama ungeifunga staa kwenye 690 V, ila pia ndiyo ampia inayopita ndani ya kila koili ikiwa delta kwenye 400, maana 41 gawa kwa 1.73 unapata hiyohiyo 23.7. Kibati kinakupa jibu la ovalodi (kifaa kinacholinda mota isile ampia kupita uwezo wake) bila kikokotoo, wengi tunaruka hiyo namba ndogo.

Namba 2 haina kibati kabisa, kiling'olewa kwenye kusuka hakijarudishwa.

Mchana nimefungua paneli. Ovalodi zote, zote kabisa, zimezungushwa mpaka mwisho wa kipimo. Ile ya ekspela ni ya ampia 37 mpaka 50 na imewekwa 50. Ya elevata, mota ya 4.9 A, nimekuta kakipande ka waya kamefungwa kati ya vituo vya ovalodi vya 95 na 96, yaani hata ovalodi ikifungua mguu wake wa kukata kontakta (swichi kubwa inayowasha na kuzima mota), umeme wa koili ya kontakta unapita pembeni na mota inaendelea kama hakuna kilichotokea. Nimemuuliza opareta, kijana mpole tu anafanya kazi vizuri, akasema ilikuwa inatripu kila saa na magunia yanapanga foleni, fundi wa wakati ule akamfungia hivyo. Simlaumu kijana. Ila iliniuma, maana elevata ilikuwa inatripu kwa sababu, na sababu nimeiona dakika 10 baadaye, beringi ya chini imejaa vumbi la alizeti na shafti inazunguka kwa shida hata kwa mkono.

Siku ya 2, Jumanne

Leo nimefuatilia nyaya moja moja na kuchora mchoro, hapakuwa na mchoro. Nadhani nimepata kilichoua mota namba 2, na nitakieleza taratibu maana kiko kwenye viwanda vingi sana nilivyopita.

Stata (mfumo wa kuwashia mota) ni ya staa-delta, kontakta 3 na taima, yaani mota inaanza staa kisha taima inaihamishia delta. Ovalodi imewekwa juu, kwenye laini, kabla ya kuingia kontakta kuu. Hapo siyo kosa lenyewe, ikikaa hapo inatakiwa isetiwe 41 na mota ikiwa delta italindwa vizuri. Shida ni pale mota inapokuwa staa. Kwenye staa ampia ya laini ndiyo hiyohiyo ampia ya koili, hakuna kugawanyika. Koili ya hii mota uwezo wake ni 23.7 A. Sasa ovalodi iko kwenye laini imesetiwa 41, au kama hapa 50, halafu taima ikaharibika au kontakta ya delta ikagoma kuvuta, mota ikabaki staa huku opareta anaendelea kumwaga alizeti. Nguvu ya kuzungusha kwenye staa ni theluthi moja tu ya delta, kwa hiyo mota inalemewa, inapunguza mwendo, inavuta labda 45 A. Ovalodi inaona 45 na yenyewe imeambiwa 50 ni sawa, inakaa kimya. Koili inabeba karibu mara 2 ya uwezo wake, na joto linapanda kwa mraba wa ampia, yaani karibu mara 3 na nusu. Hapo ni dakika kadhaa tu unaanza kusikia harufu ya vanishi.

Nikaenda kuangalia taima. Ya zamani ya kuzungusha, nimeijaribu mara 20 pembeni, mara 3 haikubadilisha. Nimekaa chini pale sakafuni nikamwita mzee nikamwonesha. Mara 3 kati ya 20. Akaniuliza kwa hiyo mota zangu hazikuwa mbovu, nikamwambia hapana mzee, zilikuwa zinapikwa.

Dawa yake ni kuihamisha ovalodi iingie ndani ya delta, baada ya kontakta kuu, kwenye nyaya 3 zinazokwenda vituo vya mota U1 V1 W1, na kuiseti 23.7. Hapo inaona ampia ya koili muda wote, iwe staa iwe delta, ikikwama staa na mzigo itakata. Nitanunua yenye kipimo cha 17 mpaka 25. Mtu anaweza kusema 23.7 iko karibu na mwisho, kweli, ila iko ndani, na sitaki ya 23 mpaka 32 ambayo mtu mwenye haraka akiizungusha mpaka mwisho atakuwa amefika 32, wakati hii akiimaliza yote atafika 25 tu. Kuchagua kipimo kinachobana ni ulinzi pia.

Jambo jingine la leo. Ndani ya mlango wa paneli kuna karatasi imebandikwa, mtu kaandika kwa peni "ovalodi = ampia x 1.25". Najua ilikotoka, ni kanuni ya Marekani, kule kitabu chao cha umeme kinaruhusu mpaka 125% kwa mota yenye sevisi fakta (uwezo wa ziada) 1.15. Sisi vifaa vyetu ni vya IEC, viwango vya kimataifa vya umeme. Ovalodi ya IEC 60947-4-1 imeshawekewa nafasi ndani yake, ukiiseti kwenye ampia ya kibati haitakiwi kukata kwenye mara 1.05 hata baada ya saa 2, na lazima ikate ndani ya saa 2 ikifika mara 1.2. Ukiongeza 1.25 juu ya hapo, uhakika wa kukata unahamia mara 1.5. Mota ya 41 inaruhusiwa kula 61 muda mrefu. Nimeibandua ile karatasi, nimeandika nyingine: ovalodi = namba ya kwenye kibati, ikiwa ndani ya delta = namba gawa kwa 1.73. Basi.

Siku ya 3, Jumatano

Siku ya mahesabu, nimekaa chini ya mwembe na daftari.

Transfoma ni 200 kVA, impidansi (ukinzani wake wa ndani) 4% imeandikwa kwenye kibati chake. Ampia kamili ni 289, gawa kwa 0.04, shoti pale kwenye vituo vya transfoma ni kama 7.2 kA, yaani ampia 7200. Kutoka transfoma mpaka paneli kuna mita 60 za kebo ya shaba ya 70 mm², kwa hiyo kwenye paneli inashuka mpaka karibu 5.3 kA. Breka zilizopo nyingi ni za 6 kA, hiyo ndiyo shoti kubwa kabisa zinayoweza kukata salama. Zinafika lakini kwa kubanana, na mzee anazungumzia kuongeza ekspela ya tatu, maana yake transfoma kubwa zaidi, ikija ya 315 hizi za 6 hazifai tena. Nimeandika za 10 kA.

Kebo za mota ya ekspela ni 4 mm², nyaya 6 kwenye bomba moja. Ya 4 mm² ya PVC kwenye bomba inabeba 28 A, ila nyaya 6 ni kama sakiti 2 zimelala pamoja unazidisha 0.8, afu mle ndani karibu na kikaangio joto ni 40 hata zaidi, unazidisha tena 0.87, unabaki na 19.5 A. Mota inataka 23.7. Kebo nayo ilikuwa inapikwa, nimeivuta kidogo kwenye boksi la mota na PVC imekauka inavunjika kama biskuti. Nimeandika 10 mm², inabaki na karibu 35 baada ya kupunguzwa. 6 mm² ingetosha kwa 25 ila sipendi kubaki na ampia 1 ya akiba sehemu yenye joto namna ile.

Siku ya 4, Alhamisi

Manunuzi. Vingine vimetoka Dodoma kwa basi, vingine Dar vitafika Jumamosi.

Kwenye kontakta nataka kila anayesoma awe makini sana. Muuzaji kwenye simu kaniambia ana kontakta ya 50 A bei nzuri. Nikamwomba anisomee ubavuni, kumbe 50 ni ya AC-1, yaani hita na vitu vya aina hiyo, AC-3 ambayo ndiyo ya mota ni 32. Namba kubwa ndo imeandikwa mbele, namba ya kweli ya mota iko ubavuni kwa herufi ndogo. Kwa bahati hapa 32 inanitosha, maana kwenye staa-delta kontakta kuu na ya delta zinabeba 23.7 kila moja, na ya staa inabeba theluthi ya 41, kama 13.7. Nimechukua 32, 32 na 18. Ingekuwa ni stata ya moja kwa moja kwa mota ya 41, mtu akaweka hiyo "50", ingekuwa inalehemu midomo yake ndani ya miezi michache, na kontakta iliyolehemu haikati hata ovalodi ikipiga kelele namna gani. Hilo watu wanasahau, ovalodi haikati mota, inaiambia kontakta ikate.

Ovalodi za ekspela nimechukua klasi 20 siyo 10. Ekspela ina gia boksi nzito na pulley kubwa, inachukua muda kufika mwendo wake. Klasi 10 ikipata mara 7.2 ya seting yake inakata kati ya sekunde 4 na 10, klasi 20 kati ya 6 na 20. Kwa mota nyepesi kama elevata na pampu klasi 10 inatosha na ni bora.

Siku ya 5 na 6

Kazi ya mikono. Kutoa vya zamani, kuvuta kebo, kufunga reli, kuweka namba kwenye kila waya. Kontakta ya staa na ya delta nimezifunga kwa kizuizi cha kimekanika na pia kwa miguu yake ya umeme, moja ikivuta inaikatia nyingine umeme wa koili, njia zote 2, maana zikivuta pamoja hiyo ni shoti ya faza 3. Msaidizi wangu kafunga nyaya za koili za kontakta safi sana, kila moja ina lagi yake. Hakuna cha kusimulia zaidi, mgongo unauma.

Siku ya 7, Jumapili

Kiwanda kimya, nimeitumia kupima ovalodi. Hii ndo sehemu ninayoipenda na karibu hakuna anayeifanya, watu wanabonyeza kitufe cha testi wakisikia "tak" wanaridhika. Kitufe kinapima ule mguu wa 95 na 96 tu, hakipimi kama vile vibati vya joto ndani, vinavyopinda ampia zikizidi, bado vinajua kazi yao.

Ninachofanya: nina variaki (transfoma ya kupandisha na kushusha volti) na transfoma ndogo niliyoisuka mwenyewe, upande wa pili mizunguko michache ya waya mnene, inatoa volti kidogo ampia nyingi. Napitisha umeme kwenye njia zote 3 za ovalodi zikiwa zimefungwa kwa mfululizo, inaingia ya kwanza inatoka inaingia ya pili mpaka ya tatu. Usipime njia moja peke yake, ovalodi za sasa zinatambua faza iliyopotea, ukipitisha kwenye moja tu itakata mapema utadhani ni nzima sana kumbe imekata kwa sababu nyingine. Klampu mita (kipimo cha ampia kinachobana waya) inakaa kwenye waya, saa mkononi.

Mpya namba 1, seting 23.7, nimeipasha kwanza kwa 23.7 mpaka ikatulia, nikapandisha mpaka 35.5 ambayo ni mara 1.5. Klasi 20 inatakiwa ikate ndani ya dakika 8. Imekata dakika 4 na sekunde 50. Namba 2 dakika 5 na sekunde 10. Nimefurahi.

Kisha kwa kutaka kujua nikaipima ile ya zamani ya ekspela namba 2. Nimeizungusha kwenye 41, nikaipasha, nikapitisha 61.5. Ni klasi 10, ndani ya dakika 4 ilitakiwa iwe imekata. Dakika 5, 10, 15, hakuna. Nimeifungua, mkono wa plastiki unaosukumwa na vile vibati umeyeyuka kidogo na kung'ang'ania. Kwa hiyo hata kama mtu angeiseti sawasawa msimu uliopita isingesaidia. Nimemwekea mzee kwenye bahasha, nataka aione na aiguse.

Siku ya 8, Jumatatu

Kuwasha. Mega (kipimo cha insulesheni ya koili) kwanza, 500 V, namba 1 imenipa megaohm 80, namba 2 megaohm 35, zote ziko salama. Nimezitenganisha na mikanda kuzizungusha bure. Namba 1 bila mzigo inakula 15 A, kama 37% ya kibati, ni kawaida kwa mota ya poli 4 ya ukubwa huu. Namba 2, iliyosukwa mara 3, inakula 24 bila mzigo. Ishirini na nne, haijabeba kitu. Hapo ujue mizunguko ya koili imepungua, fundi wa kusuka alipunguza waya ili ziingie kirahisi kwenye nafasi, sumaku inashiba na mota inakula ampia za bure zinazogeuka joto. Ukiipa mzigo kamili haitafika kilowati 22 bila kupita 23.7 kwenye koili.

Sasa mota kama hii unasetije ovalodi? Jibu langu ni kwamba huisetii, unairudisha. Ukiiseti 23.7 itatripu kila siku na utaonekana wewe fundi mbaya, ukiipandishia seting utaichoma. Nimeongea na mzee, kakubali, imekwenda kwa fundi mwingine wa kusuka na nimemwandikia kabisa kwenye karatasi: hesabu mizunguko ya koili kutoka kwenye kiini na volti, usinakili iliyopo, na aniwekee sensa 3 za joto za PTC, moja kila faza, kwenye vichwa vya koili. PTC zinapima joto lenyewe, hazikisii kutoka kwenye ampia. Kwa mashine inayokaa pembeni ya kikaangio nadhani ni pesa iliyotumika vizuri.

Jioni nimerudisha mikanda ya namba 1 na kuiwasha na mashine yake. Inaanza vizuri staa, taima inabadilisha, na papo hapo breka inatripu. Mara 3 mfululizo. Nimeacha, nimechoka, kesho.

Siku ya 9, Jumanne

Nililala nayo kichwani. Breka ni 63 A kavu C (curve C, aina inayoonesha breka inakata papo hapo kwenye ampia ngapi), mzee alikuwa ameshanunua 2 mpya kabla sijaja nikaona nizitumie. Kavu C sehemu yake ya sumaku inakata kati ya mara 5 na mara 10, yaani popote kati ya 315 na 630 A. Ampia ya kuanza staa ni theluthi ya ile ya kuanza moja kwa moja, mota ikiwa inavuta mara 7 ni 287, theluthi yake 96, haiwezi kuigusa hiyo breka. Ila breka haikukata kwenye kuanza, imekata kwenye kubadilisha. Pale kontakta ya staa inapoachia na ya delta inapovuta kuna kale kamuda mota haina umeme lakini bado inazunguka na inazalisha volti yake yenyewe, delta ikifunga wakati volti ya mota na ya laini hazijakaa pamoja, unapata mruko wa ampia unaoweza kuzidi hata wa kuanza moja kwa moja. Ni mfupi sana, ovalodi haiuoni kabisa, breka inauona.

Na mruko unakuwa mbaya zaidi mota ikiwa haijafika mwendo. Niliweka taima sekunde 5 kwa mazoea. Leo nimefunga klampu mita nikatazama: sekunde ya 5 bado inavuta 80, yaani mota iko mbali na mwendo wake. Kwa nini? Opareta kafungua kizimba cha ekspela (sehemu mbegu zinapokamuliwa), ndani mashudu ya msimu uliopita yamekauka yamekuwa kama tofali. Mota ilikuwa inaanza na mzigo mzito ikiwa na theluthi ya nguvu yake, na jioni volti hapa zinashuka, jana nilipima 372, nguvu ya mota inafuata mraba wa volti kwa hiyo ukiwa na 93% ya volti una kama 86% ya nguvu. Vyote vimekusanyika.

Tumesafisha kizimba, saa 3 za patasi na nyundo. Nimeongeza taima mpaka sekunde 9, sekunde ya 8 ampia zinaporomoka mpaka 20 hivi, hapo ndo mota imefika, na sekunde ya 9 inabadilisha. Usiseti taima kwa kukisia jamani, tazama klampu mita, ampia zikianguka ndo muda wako, ongeza sekunde 1.

Breka nimebadilisha kuwa kavu D 63, inayokata kati ya mara 10 na 20, 630 mpaka 1260. Ila hapo kuna mtego, ukipandisha sumaku ya breka lazima uhakikishe shoti ya mwili wa mota bado inatosha kuikata. Arthi hapa inaungana na nyutro pale kwenye transfoma, nimepima lupu (ukinzani wa njia nzima ya faza kwenda na arthi kurudi) kwenye boksi la mota nimepata 0.15 Ω, 230 gawa kwa 0.15 ni kama 1530 A. Iko juu ya 1260. Ingekuwa chini nisingeweka D, ningerudi kwenye kebo ya arthi kwanza. Mtu anayebadilisha C kwa D ili tu isitripu bila kupima hii lupu anaacha mwili wa mota ukiwa na umeme na watu wanapita pale na viatu vya kandambili vilivyolowa mafuta.

Imewaka mara 10, haijatripu hata moja. Na mzigo kamili inakula 37 kwenye laini, 21.4 kwenye ovalodi.

Siku ya 10, Jumatano

Mota ndogo, hizi ni haraka. Nimetumia breka za mota, zile zenye kidude cha kuzungusha ampia mbele, zina ovalodi na sumaku ndani yake pamoja, sumaku yake ni kama mara 13 ya mwisho wa kipimo hivyo haisumbuki na kuanza. Elevata kipimo cha 4 mpaka 6.3 imesetiwa 4.9, na beringi mpya. Pampu 6 mpaka 10, seting 8.2. Konveya 13 mpaka 18, seting 15. Ya kumenya 24 mpaka 32, seting 29. Kila moja nimeandika namba ya seting kwa kalamu isiyofutika pembeni ya kidude, na nimetia alama ya rangi ya kucha kwenye kidude chenyewe, kikizungushwa itaonekana.

Nimeweka rilei 1 ya kulinda faza kwa paneli nzima. Hii ni lazima, faza ikipotea na mota inazunguka, faza 2 zilizobaki zinabeba karibu mara 1.7. Ila angalia aina unayonunua, zile za bei ya chini zinazoangalia tu kama kuna volti au hakuna hazitaona kitu, kwa sababu mota inayozunguka inarudisha volti kwenye faza iliyokufa, unakuta 300 na ushee imekaa pale. Chukua inayopima tofauti kati ya faza. Nimeseti tofauti 10%, volti ya chini 340, kuchelewa sekunde 5 ili isikate kwa kila mtikisiko wa umeme wa jioni.

Mchana tumekaa na opareta na wenzake 2, na mama anayesimamia mashudu naye kaja. Nimewaonesha kila ovalodi ni ya mashine gani, na ikikata wafanye nini: mashine ikisimama usibonyeze resiti hapohapo, gusa mota kwa mkono uone kama ni ya moto sana, zungusha mashine kwa mkono ukiwa umezima na kufunga swichi kuu, angalia mkanda, angalia beringi, angalia kama kizimba kimejaa. Resiti 1 tu baada ya kupoa. Ikikata ya pili nipigie simu. Mama wa mashudu kauliza swali zuri kuliko yote, kasema sasa sisi tutajuaje kama kimekata kwa sababu ya mzigo au kwa sababu ya umeme, nikawaonesha taa ya rilei ya faza, ikiwaka nyekundu ni umeme, ikiwa kijani na mota imesimama ni mzigo.

Siku ya 16, Jumanne

Mota namba 2 imerudi. Bila mzigo 15.5 A. Imeshika kabisa, fundi huyu kafanya kazi ya heshima na kaniandikia idadi ya mizunguko na unene wa waya, nimebandika ndani ya boksi la mota. Kibati kipya kimechongwa. PTC zimefungwa kwenye rilei yake, zikiwa za baridi zinasoma ohm 240 zote 3 kwa mfululizo. Ovalodi 23.7, taima sekunde 9, imewaka.

Siku ya 21, Jumapili

Opareta kanipigia jana saa 2 usiku, niko Dodoma. Namba 1 imekata. Nikamuuliza kabla sijasema lolote, umefanya nini, akasema nimesubiri ikapoa, nimefunga swichi kuu, nimezungusha kwa mkono, inagonga upande wa gia boksi, taa ya faza ni kijani, kidude cha ovalodi rangi iko palepale. Nikamwambia usiiwashe. Akasema sijaiwasha fundi, nimehamishia kazi namba 2.

Beringi ya gia boksi nimeipata leo, nakwenda nayo na basi la asubuhi. Nikishaifunga nitapima tena ampia za mzigo kamili na kuandika hapa, nataka kuona kama zitarudi 37 au chini ya hapo, maana sasa nahisi ile beringi ilikuwa inakula ampia 2 au 3 tangu siku ya kwanza.